Mafuta ya ufuta uliokaangwa: kijiko kimoja cha chai, mwishoni, jiko likiwa limezimwa

#1 MwikoWaMbao (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa mboga za majani, majukumu yakanizidi. Leo nimekaa, chupa iko hapa mezani, tuongee.

Mada ni mafuta ya ufuta uliokaangwa. Nasisitiza hilo neno la mwisho kwa sababu nusu ya walioniandikia pembeni walikuwa wanazungumzia kitu kingine kabisa. Kuna mafuta ya ufuta mbichi: mbegu zinakamuliwa kama zilivyo, yanatoka ya njano hafifu, harufu yake ndogo, na unayapikia kama mafuta mengine ya kawaida. Haya ninayoyasema mimi ni ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Ufuta unakaangwa kwanza, mkavu, mara nyingi kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, ukishakuwa wa kahawia ndipo unakamuliwa. Mafuta yanatoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ukifungua chupa jikoni, aliye sebuleni anajua. Wakorea wanayaita chamgireum. Wachina wana jina xiangyou, yaani mafuta yanayonukia, na mimi naona jina hilo limemaliza kazi: haya ni mafuta ya kunukiza chakula. Mtu akiyafanya ya kukaangia atajuta kama nilivyojuta.

Maana mimi nilianza kwa kujiaibisha. Nilinunua chupa, nikamimina kwenye kikaango kama ninavyomimina mafuta ya alizeti, nikawasha moto wa juu nikisubiri yapate joto nitie vitunguu. Kabla kitunguu hakijabadilika rangi, jiko zima lilikuwa moshi. Nikajikaza, nikaendelea na karoti, nikaendelea na nyama. Tulikaa mezani, kila mtu anatafuna kimya, hadi mtoto wa mwisho akauliza, "Baba, hiki ndicho chakula au kinakuja kingine?" Chupa ilikwenda nyuma ya kabati ikakaa miezi.

Aliyeniokoa ni mfanyakazi mwenzangu, dada wa Kikorea. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alifungua kikopo chake cha mboga, nikasikia harufu ile ile ya chupa yangu, lakini tamu. Nikamwomba anioneshe. Akacheka, akaja na fungu la spinachi kesho yake, akaiandaa mbele yangu kwenye jiko dogo la ofisi. Naiandika kama nilivyoiona kwa macho:

Maji yakachemka kwa nguvu, chumvi kidogo. Akatumbukiza spinachi kama gramu 300, mashina yakitangulia, akahesabu kwa sauti hadi arobaini. Akaitoa, moja kwa moja kwenye maji baridi. Halafu akaishika kwa mikono miwili akaikamua, akaigeuza, akaikamua tena, na tena. Fungu lililokuwa limejaza karai likabaki donge la ukubwa wa ngumi. Nikamwambia imetosha, akatikisa kichwa na kunionesha matone yanayotoka bado. Alipotosheka akalichambua lile donge, akatia punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, kijiko kimoja cha chai cha sosi ya soya, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ufuta, na mbegu za ufuta alizozivunjavunja kwa vidole. Akachanganya kwa mkono, si kwa mwiko. Basi. Tulikula watatu.

Nilipoijaribu nyumbani nikajua kwa nini alikuwa anakamua kama anafua. Mboga yenye maji haishiki mafuta. Yanateleza chini ya bakuli, wewe unaongeza kijiko cha pili, cha tatu, ukidhani hayatoshi.

Sasa upande wa afya, maana ndio mnaoupenda. Kijiko kimoja cha chai kina kalori 40 hivi. Cha chakula kina 120 hivi. Ni sawasawa na mafuta mengine yoyote ya maji, asije mtu akawadanganya kuwa haya ni mepesi. Faida yake ni nguvu ya harufu. Nilikuwa napikia mboga ya watu watatu vijiko vitatu vya chakula, yaani kalori 360 za mafuta matupu. Sasa natumia kijiko kimoja cha chai na hakuna aliyelalamika. Hesabu hiyo ndiyo afya yenyewe.

Karibuni tuchangie.

#2 Mpitanjia

Nimewahi kiti cha mbele. Mwenye bisi alete.

#3 DadaKitunguu

Asante kaka Mwiko kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi nina maswali mawili. La kwanza, kama tunakimbia mafuta, si bora kuchemsha mboga tu na chumvi tukala hivyo hivyo? La pili, mzee wangu ana presha, na nimesikia mafuta ya ufuta yanashusha presha. Nimpe kijiko asubuhi?

#4 MwikoWaMbao

Dada, karibu sana.

La kwanza: hapana. Mboga za majani na karoti zina karotini ambazo mwili unazigeuza kuwa vitamini A, na zina vitamini K. Hizo zote zinahitaji mafuta kidogo kwenye mlo ili zifyonzwe vizuri. Ukila mboga iliyochemshwa kavu, na mlo mzima hauna mafuta, sehemu kubwa ya kile ulichokikusudia inapita tu. Kijiko cha chai ni kidogo lakini kina kazi. Na kuna jambo la kibinadamu: mboga isiyo na ladha huliwa siku mbili, ya tatu inarudi friji, ya nne inamwagwa.

La pili, tafadhali usimpe kijiko asubuhi. Zipo tafiti zilizoangalia ufuta na presha, lakini mafuta ya kula hayachukui nafasi ya dawa alizopewa na daktari wake. Mimi ningekutazamisha kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, hata kijiko cha chai hakijai vizuri. Sasa sosi ya soya, ile ya kawaida, kijiko kimoja cha chakula kina karibu miligramu 900. Vijiko viwili tu umekaribia kumaliza posho ya siku nzima. Watu wanatoka dukani na chupa mbili, ya ufuta na ya soya, wanamimina zote kwa furaha, halafu wanasema wamehamia kwenye chakula cha afya.

Kwa mzee nyumbani kwako: acha sosi ya soya kabisa au weka matone, tumia siki au ndimu na kitunguu saumu, halafu mafuta ya ufuta yafunge. Chakula kinachonukia vizuri kinavumilika kikiwa na chumvi kidogo.

#5 MzeeWaMvuke

Mleta uzi, nakubaliana nawe robo tatu. Robo iliyobaki nakupinga, na nakupinga kwa mifano.

Umesema asiyafanye mtu ya kukaangia. Mbona wenye mafuta yao wanayapikia? Wakorea wana supu ya mwani, miyeokguk, ile wanayokula siku za kuzaliwa. Nyama ya ng'ombe na mwani uliolowekwa vinakaangwa kwanza kwenye mafuta hayo hayo ya ufuta, ndipo maji yanatiwa. Uji wao wa wali, mchele unaanza kwa kuzungushwa kwenye mafuta ya ufuta kabla ya maji. Taiwan wana kuku wa mafuta ya ufuta na tangawizi, chakula maarufu cha mama aliyejifungua katika mwezi wa kwanza wa mapumziko. Hapo mafuta yanaanza sufuriani, hayaji mwishoni. Na Tokyo kuna wapishi wa tempura, yaani vyakula vinavyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa, wanaokaangia kwenye mafuta ya ufuta, kwao ndiyo alama ya mtindo wa zamani wa mji ule.

Nimepika yule kuku wa Taiwan mara nyingi, niseme nilichojifunza. Tangawizi unaikata vipande vyembamba usiimenye. Unaiweka kwenye mafuta YAKIWA BARIDI, ndipo unawasha moto, na moto ni wa chini kabisa. Unasimama hapo. Dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Tangawizi inaanza kutoa vipovu vidogo kingoni, halafu inajikunja, inakauka, inakuwa kama ngozi kavu yenye rangi ya dhahabu. Ukiona moshi hata uzi mmoja, umeshachelewa, uchungu umeingia. Tangawizi ikishajikunja ndipo kuku anaingia, anageuzwa kidogo, halafu kimiminika kinafuata na joto linashuka.

Umeona? Kinachokatazwa ni moto mkali.

#6 MwikoWaMbao

Mzee, nimekubali, umenipiga kwa hoja. Nitasahihisha maneno yangu: moto mkali hapana, moto wa chini na kitu chenye maji kikifuata, ruksa kwa anayejua kusimama jikoni. Kwa anayeanza, bado namwambia aweke mwishoni. Kosa la mwishoni linagharimu kijiko kimoja. Kosa la mwanzoni linagharimu sufuria zima na heshima mbele ya watoto.

Ila kwa wanaotafuta mlo mwepesi wa kila siku, kuku wa mzazi si mfano mzuri. Yule mama anapewa mafuta mengi kwa makusudi.

#7 Nuru_ya_Jiko

MzeeWaMvuke, hicho kimiminika si divai ya mchele? Sisi tusiotumia kilevi tunafanyaje?

#8 MzeeWaMvuke

Ni divai ya mchele, ndiyo. Mimi natumia supu ya mifupa ya kuku na sukari kidogo sana, kama robo kijiko cha chai. Ladha haifanani, nisikudanganye, lakini tangawizi na ufuta ndio wenye nyumba pale. Divai ni mgeni.

#9 Chumvi_Kidogo

Naongeza kidogo upande wa kemia, kwa wanaopenda kujua kinachotokea ndani.

Harufu ile inatokana na mbegu kukaangwa. Protini na sukari za mbegu zinakutana kwenye joto, kama vile ganda la mkate linavyogeuka kahawia, na hapo zinazaliwa kemikali zinaitwa pirazini. Hizo ni nyepesi, zinaruka na mvuke. Ndiyo maana ukitia mafuta haya kwenye supu inayotokota ukaiacha dakika ishirini, nyumba nzima itanukia na bakuli halitanukia. Umewapikia majirani.

Kuhusu moshi: mafuta haya ambayo hayajasafishwa kiwandani yanaanza kutoa moshi karibu nyuzi 175, kiwango kinapanda au kushuka kulingana na chupa. Kikaango kikavu kwenye moto mkali kinapita hapo haraka sana.

Asidi za mafuta ziko hivi kwa makadirio: asilimia 40 ni oleiki, asilimia 40 na kitu ni linoleiki, na mafuta yaliyoshiba ni kama asilimia 15. Omega-3 ni kidogo mno, karibu haipo. Kwa hiyo usiyategemee kwa hilo, samaki ana kazi yake.

Kinachonivutia zaidi ni ile familia ya kemikali za mimea inayoitwa lignani, ambayo kwenye ufuta wamo sesamini na sesamolini. Sesamolini ikipata joto wakati mbegu zinakaangwa, sehemu yake inavunjika na kutoa sesamoli, ambayo inazuia mafuta yasiharibike upesi. Kwa hiyo mbegu iliyokaangwa inatoa mafuta yanayojilinda yenyewe. Ni jambo la ajabu, kwa sababu kwa kawaida tunajua joto linaharakisha mafuta kuchacha.

#10 Mpitanjia

"Umewapikia majirani." Nimecheka peke yangu kwenye basi.

#11 Sahani_Moja

Samahani wakuu, nakatiza. Nimesoma uzi wote na hakuna aliyetaja mzio, na hili si dogo.

Binti wa dada yangu ana mzio wa ufuta. Tulijua kwenye sherehe, kwa saladi ambayo mpishi aliapa haina ufuta. Na kweli haikuwa na mbegu hata moja. Ilikuwa na mafuta. Midomo ilivimba, ukurutu ukapanda shingoni, akaanza kukohoa. Tulimkimbiza hospitali, alitibiwa, mzima leo. Lakini mpishi bado alikuwa anasema, "Sijaweka ufuta, nimeweka mafuta tu."

Mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa yanabaki na chembe za protini ya ufuta, na protini ndiyo inayomdhuru mwenye mzio. Marekani ufuta umeingizwa kisheria kuwa kizio kikuu cha tisa, vyakula vya paketi vinatakiwa kuutaja tangu Januari 2023. Ulaya nao wanautaka utajwe. Kwa hiyo ukialika wageni, ULIZA. Na kijiko kilichogusa chupa hiyo kisiingie kwenye sufuria la mtu mwingine.

#12 MwikoWaMbao

Sahani_Moja, asante sana, na pole kwa yaliyomkuta mtoto. Nilipaswa kuanza na hilo. Mwenye mzio wa ufuta asome uzi huu kama hadithi tu.

#13 Karoti_Tatu

Mimi malalamiko yangu ni tofauti. Nimenunua chupa, rangi nzuri ya kahawia, nimefuata maelezo ya spinachi hatua kwa hatua, nimekamua hadi vidole vinauma. Harufu hakuna! Nimeongeza kijiko cha pili. Bado. Nimekula mafuta tu. Nimeuziwa nini?

#14 MzeeWaMvuke

Geuza chupa, soma viambato nyuma. Mbele wanaandika kwa herufi kubwa "ufuta", nyuma kwa herufi ndogo kama sisimizi wanaandika mafuta ya soya kwanza, ya ufuta yanafuata. Kitu kinachotangulia kwenye orodha ndicho kingi. Mchanganyiko wa namna hiyo si haramu wala si sumu, ila unalipia harufu na huipati. Chupa halisi nyuma ina neno moja tu: ufuta.

#15 Karoti_Tatu

Soya. Ya kwanza kwenye orodha. Na miwani nilikuwa nimevaa.

#16 Nuru_ya_Jiko

Pole Karoti. Mleta uzi, tupe sasa vyakula vya kawaida, vya siku ya kazi, mtu umetoka umechoka. Spinachi tumeielewa, hatuwezi kula spinachi Jumatatu hadi Jumatatu.

#17 MwikoWaMbao

Haki yenu. Nitawapa ninavyovipika mimi mwenyewe, vingine nitavipitia haraka kwa sababu havina siri.

Tango. Liweke ubaoni, lipige kwa ubapa wa kisu hadi lipasuke, kisha likate vipande. Wachina wanafanya hivi kwa sababu mpasuko una kingo zenye mikwaruzo na viungo vinashika, kisu kinaacha uso laini. Nyunyiza chumvi kidogo, subiri dakika kumi, mwaga maji yaliyotoka. Halafu siki na kitunguu saumu, koroga, ndipo mafuta nusu kijiko cha chai. Mpangilio huo usiugeuze. Mafuta yakitangulia yanalivika tango koti, siki inabaki nje inabisha hodi.

Tambi. Chemsha, chuja, kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta zikiwa bado na mvuke, changanya. Hazigandani, na hapo kila ulichonacho friji kinaingia. Siandiki zaidi.

Mayai ya mvuke. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho chakula ninachokipika nikiwa sina nguvu ya kupika. Mayai mawili, yana ujazo wa kama mililita 100. Maji ya uvuguvugu mara moja na nusu yake, yaani mililita 150. Piga mayai taratibu na uma, hutaki povu. Tia maji, chumvi kidole kimoja, chuja kwa chujio la chai uingize kwenye bakuli. Povu likibaki juu, litoe na kijiko. Funika bakuli kwa sahani ndogo, hili watu wanalidharau, matone ya mvuke yakianguka juu ya yai yanatoboa vishimo kama uso wa mwezi. Weka ndani ya sufuria la mvuke, moto mdogo, dakika kumi hivi. Fungua, tikisa bakuli: katikati inapaswa icheze kidogo kama kitu kinachosita. Zima. Moto ukiwa mkali, yai linakuwa sponji na linatoa maji.

Halafu ndipo chupa. Robo kijiko cha chai tu kwa bakuli zima, unachora duara juu. Mvuke unainua harufu, unakutana nayo usoni kabla kijiko hakijafika mdomoni. Ukiwa na majani ya kitunguu, katakata. Mimi mara nyingi sina.

Supu yoyote nyepesi, ya kuku, ya tofu, ya kabichi: zima jiko, matone machache kwenye kila bakuli, si kwenye sufuria. Hivi atakayerudia kesho atatia yake mpya.

Samaki wa mvuke, vivyo hivyo. Kabichi la kukaanga: kaanga na mafuta yako ya kawaida kijiko kimoja, moto wa juu, dakika tatu, zima, nusu kijiko cha ufuta, funika nusu dakika, pakua.

#18 DadaKitunguu

Na ufuta wenyewe? Siwezi kukamua mafuta nyumbani nikaepuka hizi chupa za Karoti_Tatu?

#19 Chumvi_Kidogo

Kukamua kunahitaji mashinikizo ya nguvu, blenda haitakupa mafuta, itakupa ufuta uliosagwa. Lakini hilo silo baya! Kaanga ufuta mkavu kwenye kikaango kizito, moto wa kati kwenda chini, ukitikisa muda wote, dakika tatu hadi tano. Dalili ni tatu: zinaanza kurukaruka, zinanukia, na ukisugua mbegu kati ya vidole viwili inavunjika kirahisi badala ya kuteleza. Hapo hapo mimina kwenye sahani baridi. Ukizima jiko ukaziacha kikaangoni, chuma bado kina moto na zitaungua ukiwa umegeuka kutafuta sahani. Najua kwa sababu nimegeuka kutafuta sahani.

Zitwange kidogo, nyunyizia mboga. Harufu ni ile ile kwa upole zaidi, na unapata nyuzinyuzi na madini ambayo mafuta hayana kabisa. Ukiniuliza mimi, kwa afya mbegu inashinda chupa. Kwa ladha chupa inashinda mbegu. Naweka zote mbili.

#20 MwikoWaMbao

Kabla sijasahau, utunzaji. Nunua chupa ndogo. Mwanga na joto ndio adui, kwa hiyo isikae pembeni ya jiko kama mapambo, iweke kabatini au frijini. Frijini mafuta yanaweza kupoteza uangavu kidogo, yakirudi kwenye joto la chumba yanatulia. Ukiifungua, itumie ndani ya miezi michache. Yaliyochacha utayajua: badala ya harufu ya mbegu zilizokaangwa unapata harufu ya zile kalamu za nta za watoto. Mwaga, usiyahurumie.

#21 Jungu_Kuu

Nimesoma wote. Mimi nina mtazamo wa tofauti kidogo: naona tunayapa sifa mafuta ambazo ni za mtu. Aliyepunguza mafuta ni Mwiko mwenyewe, angepunguza hata kwa ya alizeti.

#22 MwikoWaMbao

Jungu_Kuu, nilijaribu na ya alizeti. Kijiko kimoja cha chai cha alizeti kwenye spinachi iliyochemshwa. Mke wangu aliuliza kama tumeanza mfungo.

#23 DadaKitunguu

Narudi na mrejesho. Spinachi ya kwanza sikukamua vizuri, ikawa na bwawa chini, mafuta yakielea juu yake. Nikarudia juzi. Nimekamua kwa kitambaa safi cha jikoni, nikasokota, na hapo ndipo niliona maji yanayotoka ni mengi kiasi gani. Bila sosi ya soya, ndimu na saumu tu, kijiko kimoja cha chai. Mzee alikula, akafuta bakuli, akauliza nani kaleta karanga. Nikamwambia ni ufuta. Akasema chumvi iko sawa. Kaka Mwiko, SIKUTIA CHUMVI, ni ile ya maji ya kuchemshia tu!

Ila nina tatizo jipya. Hii chupa inamwaga. Nakusudia nusu kijiko, vinakuja vijiko vitatu. Jana supu yote imegeuka ufuta.

#24 MzeeWaMvuke

Dada, mdomoni mwa chupa chini ya kifuniko kuna utando mwembamba wa kuziba. Wengi wanaubandua wote. Usiubandue. Toboa tundu moja kwa sindano au kijiti cha meno, geuza chupa, yanatoka tone moja moja. Chupa moja itakufikisha mbali.

#25 DadaKitunguu

Mzee, niliung'oa siku ya kwanza. Kwa meno.

#26 MzeeWaMvuke

Basi funika mdomo kwa kipande cha karatasi ya foili, kaza kwa mpira wa bendi, toboa hiyo. Na meno yako yapumzike.